Haifai Kunung'unika

Burslem,
Jumatano asubuhi

Mama mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko Uhispania, wewe na Keith wako, pamoja na goti la Keith ambalo najua lina mambo yake. Natumaini mnaamka salama na jua haliwachomi kupita kiasi. Sisi huku tu wazima. Mjukuu wako Maisie amekua, viatu ulivyomletea Krismasi vimeshaanza kumbana, na jino lake la mbele linacheza, basi kila anayeingia anaombwa alishike. Mvua inanyesha tangu Jumamosi. Hiyo si habari, nakuambia tu ili ujue mji wako uko pale pale ulipouacha.

Najua utashangaa kuona barua, ungependa nipige simu. Lakini Mama, kwenye simu mimi na wewe hatufiki mbali. Nikilikaribia jambo lenyewe unanikatiza, halafu unaanza kulia, halafu nami naanza kulia, halafu Keith anachukua simu na kuniuliza huko kuna baridi kiasi gani. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Shule niliiacha mapema, tumbo likiwa limeshaanza kuonekana, wewe ndiye uliyekuja kunichukua langoni, kwa hiyo ukiona nimekosea kuandika mahali, piga jicho upande. Ila yaliyomo nimeyafikiria vizuri, na sitalifuta hata neno moja.

Ni habari za Bibi. Na ile karatasi aliyokutumia Mjomba Malcolm, ya kuuza nyumba ya Bibi kwa niaba yake, kama bado hujaitia sahihi, ilaze mezani, weka kikombe juu yake, kisha unisome mpaka mwisho.

Ulipokuja kumwona hospitalini baada ya kile kiharusi, alikuwa amelala tu, mdomo umevutwa upande mmoja, na ukarudi Uhispania kabla hajafungua kinywa. Mimi nilikuwepo siku alipokifungua. Muuguzi alikuwa anamtandikia kitanda, akamaliza kuchomekea shuka, na Bibi ambaye alikuwa hajatoa hata mguno akasema kwa sauti safi kabisa: "Na Bob ndiye mjomba wako." Vile vile alivyosema maisha yake yote kila kazi ikimalizika bila taabu: tia sukari, koroga, na Bob ndiye mjomba wako. Muuguzi akacheka. Mimi nikamwinamia nikamwambia Bibi, sema jina langu, sema Leanne. Akanikazia macho, midomo ikahangaika, jasho likamtoka kwenye paji la uso, jina halikuja. Nikamwonyesha maji aseme maji. Hayakuja. Nikamwonyesha picha ya Babu. Yalikuja machozi tu.

Pale hospitalini kuna mama anaitwa Bi Hargreaves, kazi yake ni kuwasaidia watu kurudisha usemi. Nampenda yule mama. Alinikalisha, akanieleza bila haraka. Alisema maneno ya kawaida, yale tunayoyaokota moja moja na kuyapanga, kiharusi kimeyafungia mlango. Lakini misemo mtu haiokoti moja moja. Inatoka nzima nzima, kama wimbo, kama sala, kama tusi ukijigonga kidole, na mara nyingi yenyewe hubaki hata mengine yakiondoka. Akaniambia nisidhani Bibi anapayuka. Ni kama mtu aliyefungua kabati akakuta nguo zake zote zimeibwa, zimebaki za sikukuu tu. Atafanyaje? Atatoka na za sikukuu. Kazi yetu si kumcheka alivyovaa, kazi yetu ni kujua anakwenda wapi.

Na kabati la Bibi unalijua. Wanawake wenzake wa kiwandani, wale wa chumba cha kupaka rangi vikombe, wote walikuwa hivyo. Umekaa kutwa unachora waridi lile lile, mkono una kazi, mdomo hauna, basi misemo ilikuwa ikipita meza kwa meza kama biskuti. Wewe na Mjomba mlilelewa nayo. Mimi pia. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ndiyo itakayokuwa daraja pekee la kumfikia.

Mwezi wa tatu akapelekwa kwenye yale makao ya wazee juu mlimani. Nitasema haki: ni pasafi, ni pa joto, na wale wasichana wanaofanya kazi pale wana moyo, simlaumu hata mmoja. Mjomba Malcolm alisema ni kwa muda. Baadaye akasema ni kwa muda mrefu kidogo. Baadaye tena akawa anasema Mama ametulia, Mama anapapenda, ya nini nyumba kukaa tupu na kuota kuvu. Kila Jumapili alikuwa akimuuliza Bibi hali yake, na Bibi alikuwa akimjibu: "Haifai kunung'unika." Hayo ndiyo aliyokuletea wewe. Na wewe ukaniambia mimi, unakumbuka, ukaniambia Leanne, bata wangu, kama tunavyoitana huku kwa upendo, mwenyewe amesema hana cha kunung'unikia, sasa wewe unataka nini?

Subiri, nitakuambia nilichotaka.

Nilikuwa nikienda na Maisie kila alasiri akitoka shule. Mtoto, Mama, hana habari kwamba mtu mzima anatakiwa kusema namna fulani. Yeye alimkubali Bibi kama alivyo. Kitu cha kwanza alichotaka kujua ni huyu Bob ni nani, na kama kweli ni mjomba, mbona haji kutuona. Nikamwambia hakuna Bob, ni namna ya kusema tu, maana yake kazi imekwisha, mambo yamenyooka. Hakuridhika. Mjomba Malcolm alipoingia siku ile na mwavuli wake, Maisie akamuuliza kama yeye ndiye Bob. Mjomba akasema hapana, mimi ni Malcolm. Maisie akamtazama kuanzia viatu mpaka upara, akasema basi ni heri angekuwa Bob, maana Bob akitajwa tu kazi inakwisha.

Ni Maisie aliyeanza kuelewa kabla yangu. Bibi alikuwa akisema kunanyesha paka na mbwa, wale wasichana wanachungulia dirishani, jua linawaka, wanatikisa kichwa kwa huruma, siku hiyo anaandikiwa kwamba amechanganyikiwa. Maisie akaniambia, Mama, anataka kwenda chooni. Kweli, ilikuwa hivyo, kila mara. Akimwambia Maisie, "Paka kala ulimi wako?", maana yake hebu niongeleshe, nipigie hadithi ya shuleni, usininyamazie. Na kitu chochote asichokitaka, iwe uji, iwe sweta, iwe yule bwana anayekuja kupiga kinanda, kilikuwa si kikombe chake cha chai. Msemo huo wa mwisho kila mtu aliuelewa, lakini walidhani anatania. Wanasema wee Winnie, na masihara yako, halafu wanamvika lile sweta.

Sasa la ndoo. Hili nilitaka kulificha, ila nimeshasema sifuti kitu. Siku moja Mjomba alikuwa ukumbini anaongea kwa simu, nadhani alikuwa anaongea na wewe, akasema heri kuuza sasa kuliko kungoja mpaka apige teke ndoo. Sikukasirika, ndivyo tunavyosema wote, hata Bibi alisema hivyo kuhusu Babu mwenyewe. Ila Maisie alikuwa chini ya meza na rangi zake. Jioni nikiwa nakoroga supu akaniuliza ndoo gani. Nikamjibu bila kugeuka kwamba ni namna ya kusema mtu kafa. Kesho yake nataka kupiga deki, ndoo haipo. Nikadhani jirani kaazima. Keshokutwa kule makao wale wasichana wakawa wanahaha, ndoo yao ya kufanyia usafi imetoweka. Tukaikuta nyuma ya pazia chumbani kwa Bibi, imefunikwa koti dogo la njano. Nilipomuuliza, mwanangu akaniambia kwa sauti ya mtu anayemweleza mjinga kwamba Bibi mguu mmoja bado una nguvu, na yeye hawezi kumchunga akiwa shuleni.

Siku hiyo nililia kwenye basi, na sikujali nani ananiona.

Basi ukaitishwa mkutano. Alikuwepo Mjomba Malcolm, alikuwepo meneja wa yale makao, na Bi Sherratt wa ustawi wa jamii, mwanamke mtaratibu mwenye miwani ya kamba shingoni. Bibi akaletwa kwenye kiti chake cha magurudumu. Mimi nilikuja na aproni ya kazini bado iko kwenye mfuko, nanuka mafuta ya jiko la shule. Kazi ya mkutano ilikuwa moja tu, kuamua Bibi anabaki pale moja kwa moja au la. Bi Sherratt hakufanya vibaya. Alipiga goti mbele ya kiti, akamshika mkono Bibi, akamuuliza polepole anaishije pale.

Bibi akasema, "Haifai kunung'unika."

Mjomba akashusha pumzi. Meneja akatabasamu. Bi Sherratt akaanza kuandika. Na mimi, Mama, ambaye mbele ya watu wenye kalamu huwa naangalia viatu vyangu, nilisimama. Nikasema naomba usiandike bado.

Nikawaambia niulizeni mimi ni lini Bibi yangu husema hivyo. Alisema hivyo mlangoni pa kanisa siku ya kumzika Babu, kila aliyempa mkono na kumuuliza hali alimjibu haifai kunung'unika. Alisema hivyo kiwanda kilipofungwa, wanawake wote wakatoka na brashi zao kwenye mifuko ya karatasi, na jirani akamuuliza uko salama Winnie. Alisema hivyo maji ya moto yalipomwagikia mkono wake wa kuchorea. Alisema hivyo siku wewe uliposafiri, Mama, nilikuwa nimesimama pembeni yake, basi la uwanja wa ndege limeshageuka kona. Hayo maneno si majibu. Ni mlango, na anaufunga ili usione kilichomo ndani. Na sisi watu wa huku tumezoea kufungiana huo mlango kwa adabu, tukaambiana asante, tukaenda zetu.

Halafu nikasema la pili, ambalo mimi mwenyewe nililigundua nikiwa nasema. Nikasema Bibi yangu akiwa na furaha hunung'unika. Hunung'unika kutwa nzima. Mkate, basi, redio, majirani, serikali, mvua, jua likitoka ni jua. Huyu mnayemwona ametulia hukataa tu asichokitaka, hajanung'unikia kitu tangu aje hapa. Mnaita kutulia. Mimi naita kuzimika.

Mjomba akaniambia Leanne, kaa chini, bata, unatuaibisha. Hapo Bibi akamgeukia, akainua mkono wake mzima, akamwambia, "Shikilia nywele zako." Unajua huo ndio msemo wake wa kumtuliza mtu mwenye hasira, ila kumwambia Malcolm, na upara ule, hata meneja ilimbidi aangalie dirishani. Bi Sherratt alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akanijibu kwa haki. Alisema nimesema vizuri, lakini maneno anayotakiwa kuandika si ya mjukuu, ni ya mwenyewe, na ya mwenyewe bado hajayasikia. Akaomba Bibi apelekwe nyumbani kwake Jumamosi kwa chakula cha mchana, aone kwake, arudishwe kabla ya chai ya jioni, halafu tukutane tena. Mjomba akakubali shingo upande.

Jumamosi nikamleta kwa teksi. Nilikuwa nimewasha moto tangu alfajiri na kufua mapazia. Nikakaanga chapati za shayiri na jibini na nyama ya chumvi, kama Jumamosi zote za utoto wangu. Nikamshushia kikombe chake rafuni, kile alichokichora mwenyewe chenye waridi la njano, maana kule mlimani alikuwa akinywea kile cha plastiki chenye mdomo, kama cha Maisie alipokuwa mchanga.

Aliingia, akatazama sebule yake pembe kwa pembe kama mgeni. Nikadhani nimekosea, nikadhani labda Mjomba alisema kweli, labda tumempeleka mbali mno hawezi tena kurudi. Kisha akainua kidole kuonyesha mapazia. Nilikuwa nimeyatundika ndani nje. "Si kikombe changu cha chai," akasema. Nikacheka, nikageuka jikoni, Maisie anapindua chapati moja na mimi napindua nyingine, nikamsikia nyuma yangu: "Wapishi wengi, mchuzi huharibika." Redio ikawa kubwa, akasema hawezi kujisikia akifikiri. Mvua ikaanza, akasema hali ya hewa ya mabata hii. Yule jirani wa namba ya pili akapita na gari lake jipya na miwani ya jua kwenye mvua, na Bibi akavuta pazia kidogo kwa kidole, akasema yale maneno yake kwa watu wa kujionyesha bure, ambayo wewe ulikuwa unamkataza kuyasema mbele yangu: "Koti la manyoya, chupi hamna."

Mama, nilisimama na kikaango mkononi, chapati inaungua. Tangu kiharusi nilikuwa sijamsikia akimsema mtu. Alikuwa amekaa wima, macho yanang'aa, anatafuta kosa lingine. Chapati ilipoletwa akainusa ile iliyoungua, akanitazama kama anavyotazama mtu aliyemvunjia sahani, akaila yote. Maisie akaninong'oneza, "Mama, Bibi amerudi."

Saa ya kurudi ilipofika teksi ikapiga honi. Nikamletea koti lake. Sikutaka mtu aje kusema nilimtia maneno, basi nilipiga magoti kama alivyopiga Bi Sherratt, nikamuuliza wazi: Bibi, gari liko nje, unataka nikurudishe kule juu? Nikamngoja. Midomo ikahangaika, nikajua anatafuta neno dogo tu, hapana, na halimjii. Akaacha kulitafuta. Akasema, "Nguruwe wanaweza kuruka." Kisha akainama kwa taabu, kwa mkono wake mzima, akafunga breki ya kiti. Niliisikia ikilia. Unajua hayo ya nguruwe tunamwambia mtu anayengoja kitu ambacho hakitakuwa mpaka mwisho wa dunia.

Sikumrudisha. Nilitoka nikamwambia dereva aende zake, nikapiga simu kule mlimani nikawaambia Winnie hatakuja kulala, yuko kwake.

Sasa nakuungamia jambo moja ambalo Mjomba halijui, na ningekuwa na akili ningenyamaza. Haikuwa pupa ya siku ile. Ijumaa, kabla ya chakula hicho cha mchana, nilikuwa nimeshawarudishia watu wa halmashauri funguo za nyumba yao niliyokuwa nimepanga. Nilitia sahihi, nikawakabidhi. Kitanda cha Maisie kilikuwa kimeshapandishwa chumba chako cha zamani, changu kiko chini karibu na Bibi. Nilisema moyoni, kama Bibi atanung'unika, nitakuwa tayari, na asiponung'unika nitalala kwa rafiki mpaka nipate pengine. Nilimwekea dau Bibi yangu kila nilicho nacho, na mtoto juu. Uniite mjinga. Lakini sijutii, na nikirudishwa Ijumaa ile nitazipeleka funguo zile zile.

Kwa hiyo ukiitia sahihi ile karatasi, Mama, hauzi nyumba tupu inayoota kuvu. Unauza tulimolala watatu. Sikuambii ili nikutishe. Nakuambia ili ujue, na ili ujue pia kwamba hata ukitia sahihi mimi sitoki kwa upole. Watanikuta mlangoni na aproni yangu.

Mjomba alikuja Jumapili, akaniita mwizi wa wazee, akasema nimemteka mama yake. Nilimwacha aseme. Kisha akaingia kwa Bibi, akamuuliza kama kawaida hali yako, Mama? Na Bibi akamnyooshea kidole: viatu vyake vya tope juu ya zulia, mlango aliouacha wazi, tai yake. Yote si kikombe chake cha chai, na paka na mbwa wanaingia ndani, na safari hii ni mvua kweli. Mjomba alisimama na ufunguo wa gari mkononi, akawa anafuta uso kwa kiganja, nikadhani ni mvua. Si mtu mbaya, Mama. Anaogopa tu, na mtu akiogopa anapenda kila kitu kiwe kimefungwa na kuandikwa. Alikula chapati mbili jikoni amesimama. Hakuichana karatasi yake, lakini alisema yake ameshamaliza, iliyobaki ni sahihi yako.

Bi Sherratt alikuja jana. Alikalishwa kiti kigumu, akapewa chai, akanung'unikiwa saa nzima. Alipoaga alisema sasa ya mwenyewe ameyasikia kwa masikio yake, na ndivyo atakavyoandika. Ametutafutia mtu wa kuja asubuhi kumwogesha Bibi na kukaa naye nikiwa kazini, na atakuja kututazama tena kabla ya baridi. Sitakudanganya kwamba ni rahisi. Mgongo unaniuma, shuka nafua kila siku, na jana Bibi alinitupia kijiko. Lakini Bi Hargreaves amesema katika nyumba yake mwenyewe, kati ya vitu vyake, huenda neno moja moja likaanza kurudi. Juzi alimtazama Maisie akasema "Mai", akaishia hapo. Mimi nimeushika huo mkia, siuachii.

Limebaki moja, ndipo niache.

Jumapili iliyopita kabla ya hii nilikuuliza kwa simu Uhispania kukoje. Ukaniambia, haifai kunung'unika. Pasaka nilikuuliza, ukaniambia hivyo hivyo, kwa sauti ya Bibi kabisa. Wewe, Mama, ulipokuwa hapa ulinung'unikia pipa la taka, nywele zangu, chai ya kila nyumba uliyoingia, na tulijua uko hai. Sasa sikumbuki mara ya mwisho kukusikia ukisema ovu la mtu. Nilikuambia hayo maneno ya Bibi ni mlango. Nimekusikia ukiufunga wa kwako, na safari hii sikuambii asante nikaenda zangu.

Chumba cha mbele kina kitanda, nimekitandika. Njoo. Kama Keith anataka kuja aje na goti lake, tutalipatia kiti. Njoo uyaone haya mapazia niliyoyatundika ndani nje, uniambie jinsi nilivyo mvivu, unung'unike na mama yako mpaka jirani afunge dirisha.

Msalimie Keith. Maisie anakubusu mara nyingi, na anasema ukija na jino litakuwa bado lipo, utalishika. Ukitaka kupiga deki usitafute ndoo, humu ndani hamna hata moja. Zote ziko chini ya kitanda chake, na sakafu tunaosha kwa beseni.

Naishia hapa, Bibi ananigongea meza kwa kijiko. Chai imepoa, na sidhani leo nitasamehewa.

Mwanao akupendaye,
Leanne